Sare Rangi Kama Maandishi Haya

Kijiwe cha Idrisa muuza kahawa, nyuma ya maduka ya vitenge Kariakoo, kina benchi moja na wataalamu wa kila kitu. Asubuhi hiyo Jovitha alifika mbio, mtoto mgongoni, ndala imekatika, maana kadi ya harusi ya wifi yake Elieshi aliipanga yeye kwenye kompyuta ya stesheneri, ikatoka ya karatasi na ya kufungua kwenye simu, na kwa kujiona mjanja hakutaja rangi ya sare, aliandika tu: "Akina mama wavae rangi kama ya maandishi haya." Kwenye karatasi maandishi yalikuwa rangi ya damu ya mzee, nyekundu iliyoiva. Kwenye simu, meusi tii. Na waalikwa wote walitumiwa ya simu.

— Shikamooni, nakufa mie, harusi keshokutwa na mama mkwe anakuja saa nne!

— Marahaba, kaa kwanza, — alisema Ridhiwani muuza vifungo, wanayemwita Profesa. — Hilo ni jua tu. Simu ikikaa juani hapa Kariakoo, rangi inaungua.

— Ingeungua si ingepauka, Profesa! — alidakia Vitalis, fundi wa ving'amuzi, jina la kijiweni Sateliti. — Dada, rangi zina uzito. Nyeusi nyepesi, inatangulia. Damu ya mzee yako bado iko hewani, maeneo ya Upanga huko.

— Itafika lini?

— Inategemea upepo.

— Upepo gani! — alifoka Idrisa, birika mkononi. — Kuna mtu wa kamati ya harusi hakupewa usukani. Huyo ndiye kaitia giza.

Jovitha alitaka kulia, akaona hata muda wa kulia hana.

— Jamani si upepo si kamati, ni mimi! Rangi niliipa jina la kubuni mwenyewe, nikaiita Elieshi, programu kwenye karatasi inamjua, ikija kwenye ukurasa wa simu inasema huyu simjui, inaweka nyeusi! Sasa hivi nimeandika namba ya rangi badala ya jina, kwangu imekubali, lakini kwenye simu ya Sateliti, naye mwalikwa, bado nyeusi, ona!

Idrisa akachungulia simu ya Sateliti.

— Wewe si uliifungua juzi? Hiyo ni ya juzi imeganda. Ifungue upya.

Sateliti akaifungua upya. Damu ya mzee! Benchi zima likapiga vigelegele, Profesa akamwagikiwa kahawa.

Hapo ndipo alipotokea mchukuzi mmoja, majora matatu ya kitambaa cheusi begani, jasho linamtiririka.

— Samahani wakubwa, msiba wa Elieshi uko mtaa gani?

Sateliti akaangalia angani, kama kwamba jibu liko njiani.

— Kitambaa hiki wamekiagiza akina mama kumi na wanane, — aliongeza mchukuzi kwa upole. — Poleni sana.

Jovitha akakaza kanga ya mtoto.

— Msiba bado, kaka. Ila tua mzigo upumzike. Mama mkwe akifika saa nne, utapatikana.