Mama Redempta, Aliyebisha Hodi Kwenye Jengo Tupu

Ijumaa tarehe 29 Mei 2026, Mama Redempta anastaafu baada ya kuitumikia Kura Yetu kwa miaka kumi na tisa. Kwa desturi ya ofisi, mstaafu hurudisha funguo mbele ya wenzake. Yeye hana cha kurudisha. Alipewa funguo mara moja tu, akazipoteza kwenye theluji ya mwaka wake wa kwanza, na hakuomba nyingine. Alisema kazi yake ni kubisha, na anayebisha hahitaji funguo.

Kwa wageni wetu wa leo: Kura Yetu ni shirika dogo lenye ofisi mtaa wa Frogtown, Saint Paul, Minnesota, juu ya duka la mboga la Wahmong, watu waliotoka Laos. Tunawasaidia raia wapya wanaozungumza Kiswahili wajiandikishe kupiga kura, walijue jimbo lao la uchaguzi, na wakaseme neno pale mipaka ya majimbo inapochorwa upya. Hatumwambii mtu ampigie nani. Mama Redempta aliishika sheria hiyo kama mtawa anavyoshika nadhiri. Mwaka mmoja wa uchaguzi mume wake alimnunulia gari la mtumba, la buluu, rangi ya chama kimojawapo. Nasibu wa kitengo cha simu akamngoja ngazini. "Mama, leo tumekujua." Gari likalala nyuma ya kanisa mpaka kura zilipomalizika kuhesabiwa, naye akaja kazini kwa basi Novemba nzima akipangusa theluji kwenye nyusi. Mpaka leo Nasibu hajui Mama anampigia nani. Mume wake naye anasema hajui.

Alikuja Minnesota kutoka Bukoba kusomea ualimu, akiwa amevaa koti la mvua alilouziwa kama koti la baridi. Alifundisha kidogo, akalea, kisha akaingia kwetu, na humo akaunda namna yake ya kufanya kazi, ambayo sasa tunaifundisha kwa kila mgeni. Habishi kwa ngumi. Anabisha kwa kiganja, chini, karibu na kitasa. Anasimama hatua moja nyuma ili tundu la kuchungulia limwone mzima, mikono na yote. Anasema hodi mara tatu. Asipoitikiwa, anakunjua kigoda chake, anaketi, anauzungumzisha mlango kidogo habari za goti lake na bei ya ndizi, kisha anaaga na kuondoka. Haachi karatasi kwenye kitasa. Wengine wote mjini huacha. Yeye alisema karatasi inayoning'inia humwambia kila apitaye kwamba ndani kuna mtu anayeogopa.

Yako majengo mawili ya matofali upande wa magharibi wa Minneapolis, inakopakana miji ya Saint Louis Park na Golden Valley, yakitazamana kwenye uwanja mmoja wa maegesho. Familia nyingi humo zilitoka Kongo ya mashariki, zikapitia kambi za wakimbizi, zikafika hapa. Waliokwenda na Mama miaka ile ya mwanzo wanasimulia jambo moja. Ukiingia unakuta korido ina joto na harufu ya sombe, kisamvu chao, na samaki, na nyuma ya milango televisheni zinazungumza. Ukibisha mlango wa kwanza, televisheni zote zinanyamaza. Kisha matundu ya kuchungulia yanatiwa giza, moja baada ya jingine, mpaka mwisho wa korido. Mtoto anacheka, kicheko kinakatwa katikati. Hakuna mlango unaofunguliwa, na bado unajua kwamba ukuta wote unapumua.

Kwa miaka, mlango mmoja mmoja ulimfungukia Mama. Wa kwanza ulikuwa wa Janvier, fundi wa magari na mzee wa kanisa, aliyempa chai na kiti kizuri. Ila mlango wa mwisho wa jengo la kusini ulikuwa na tabia yake. Mama alisema hodi, na sauti ya mwanamke ikajibu, "Karibu." Ilikuwa sauti ya chini, iliyotoka karibu sana, kana kwamba midomo imegusa ubao. Kitasa hakikusogea. Akasema hodi tena. "Karibu." Akangoja. Baadaye akamuuliza Janvier nani anakaa pale.

"Pale? Pale hapana mutu, Mama. Tangu zamani."

Alirudi kila msimu. Kila msimu sauti ilimkaribisha, mlango ukabaki umefungwa, na majirani wakasema hapana mutu. Ofisini Nasibu aliuliza kama anwani ya kuzimu inahitaji namba ya posta. Mama alicheka pamoja nao, lakini Griffins, mchoraji wetu wa ramani, anasema tangu hapo hakumwona akienda jengo lile bila rozari mfukoni.

Mwaka 2021 ulikuwa mwaka wa mipaka. Sensa ilikuwa imekwisha na ramani za majimbo ya Bunge la Marekani zilikuwa zinachorwa upya. Rasimu nyingi zilizunguka mjini, na Griffins alikuwa akizifungua moja moja kwenye kompyuta, penye watu pamekolezwa rangi, pasipo na watu peupe. Katika mojawapo, majengo yale mawili yalikuwa meupe, wazi kama pengo mdomoni.

"Mathe, hapa hakuna watu," alisema. "Sensa inasema sifuri."

Mama Redempta akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kioo. "Jana nimekunywa chai humo."

Na kwa kuwa palihesabiwa patupu, mchoraji wa rasimu ile aliupitisha mpaka katikati ya maegesho bila kusita. Jengo la kaskazini lingeingia jimbo moja, la kusini jingine. Watu waliokuwa wakilalamika pamoja juu ya mabomba yaliyoganda, waliozikana na kuozana, wangekuwa na wawakilishi wawili, na kila mmoja angekuwa na haki ya kusema hao ni wa mwenzangu. Mbaya zaidi, wote wawili wangeweza kusema hao hawapo.

Mama alikwenda kwa Janvier siku hiyo hiyo. Griffins alimpeleka, na ndiye aliyetusimulia.

"Watu wa sensa walipobisha ulifungua?"

"Walinikuta inje, kwa ngazi."

"Wakakuuliza juu ya majirani zako?"

"Ndiyo. Nikawaambia hapana mutu."

"Na majirani zako walipoulizwa juu yako?"

Janvier akaweka kikombe chini. Yalikuwa mapatano yao tangu kambini: ukiulizwa habari za jirani, jirani hayupo. Kila nyumba ilikuwa imeificha nyumba ya pili, kwa upendo, mpaka jengo zima likatoweka. Mlango wa mwisho ulikuwa umefichwa vizuri kuliko yote, hata Mama, rafiki yao, hakuambiwa. "Tumejifuta sisi wenyewe," alisema Janvier, na kumtazama mkewe kama mtu anayehakikisha kwamba bado yupo.

Jopo lililosimamia mipaka lilikuwa limetangaza kikao cha kusikiliza wananchi. Mama aliwaomba waje. Hakuna aliyeahidi. Siku ya kikao ukumbi ulijaa watu waliovaa barakoa, na chini ya makoti na kofia za sufu hukuweza kumjua mtu. Mama alipopewa kipaza sauti alieleza kwa Kiingereza chake safi kwamba majengo yale yana watu. Mwenyekiti akamuuliza, kwa upole, kama kuna yeyote kati yao aliyepo ukumbini.

Mama akawageukia waliokaa. Akasema, "Hodi."

Hakuna aliyejibu. Griffins anasema mkalimani alifungua mdomo akaufunga.

"Hodi," akasema tena. Watu walitazama viatu vyao. Mabomba ya joto ukutani ndiyo tu yaliyosikika yakigonga.

Mara ya tatu alisema polepole. Akafunga kitabu chake cha kumbukumbu, akaanza kuinama kuchukua mkoba, kwa sababu baada ya hodi ya tatu mtu mwenye adabu huondoka.

"Karibu."

Sauti ilitoka safu ya nyuma, nayo ilikuwa ya chini, ya karibu sana. Mama anasema nywele za mikono zilimsimama, kwa maana sauti ile aliijua vizuri na hakuwahi kuiona na mwili. Mwanamke mwembamba mwenye koti la kiume alisimama. Kisha Janvier akasimama. Kisha mkewe, kisha safu nzima, wakasimama kimya wakitazama mbele, na jopo likawatazama wale watu wa mahali pasipo na watu.

Ramani ya mwisho iliyaacha majengo yote mawili upande mmoja wa mpaka. Hatudai kwamba ni kwa sababu ya neno lile. Tunachojua ni kwamba mwanamke yule anaitwa Maombi, kwamba alikuwa raia na hajawahi kupiga kura, na kwamba mwaka uliofuata alipiga. Alipomfungulia Mama mlango kwa mara ya kwanza, alimweleza. "Kule kwetu walianza na kuhesabu nyumba. Kisha wakarudi na silaha. Nilikuwa nakusikia kila mwaka, najiuliza, huyu mutu hachokake?" Mbona basi alikuwa akiitikia? "Mama, mutu akisema hodi, utanyamaza namna gani?"

Ningependa kuishia hapo, lakini Mama Redempta ameagiza wasifu huu usiwe na uongo. Majira ya baridi yaliyopita watu wasiojulikana, wanaodhaniwa kuwa maafisa wa uhamiaji, walianza kubisha kwenye majengo yale, na magari yasiyojulikana kukaa maegeshoni yakiunguruma. Milango ikafungwa tena. Televisheni zikanyamaza. Novemba hii kuna uchaguzi, na mwisho wa muongo kuna sensa nyingine. Wakishindwa kuitikia, watakuwa weupe tena kwenye ramani, na safari hii Mama hatakuwepo kuwabishia. Milango yake nimekabidhiwa mimi.

Mwezi Machi alinipeleka. Kwenye kona ya korido alisimama, akanipa kigoda chake.

"Nenda. Mimi nabaki hapa."

"Mama, hawanijui."

"Wakiniona watanifungulia mimi, Hamida. Na mimi naondoka."

Matundu yalitiwa giza mbele yangu, moja baada ya jingine, kama nilivyosimuliwa. Kwenye mlango wa Maombi nikabisha kwa kiganja, nikasema hodi. Nyuma yangu, kutoka konani, nikasikia Mama akinong'ona, "Hiyo ni hodi, au unaomba msamaha?" Nikasema ya pili. Nikasema ya tatu. Nikakunjua kigoda, nikaketi, na sikuwa na goti la kuzungumzia. Nikauambia mlango ukweli: kwamba naogopa korido hii, naogopa yale magari huko nje, na naogopa kuwa mtu ambaye kwa sababu yake watu hawa watatoweka.

Kisha, chini kabisa, usawa wa kichwa changu, mtu aliyekuwa ameketi sakafuni upande wa pili akavuta pumzi.

"Uko peke yako?"

"Ndiyo. Mama yuko konani."

"Namujua. Nasikia goti lake." Ubao ukalia alipouegemea. "Karibu."

Mlango haukufunguliwa. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi, nikaaga, na sauti ikaniaga. Chini ya ngazi Mama Redempta alinigeukia. "Sasa umeajiriwa," alisema.

Mama Redempta, kwa niaba ya ofisi, ya Nasibu ambaye bado anataka kujua, na ya watu wote wa majengo yale ambao wapo, asante. Tunakuombea goti jepesi, ndizi za kweli, na gari la rangi yoyote uipendayo. Kila mlango utakaoubisha uitikiwe.

Kigoda nitakirudisha ukikihitaji. Jumanne ninakwenda nacho tena.

Hamida, karani