Barua Niliyoogopa Kumwandikia Ndugu wa Kanisa

Sifa zote kwa Bwana, ndugu zangu! Mimi ni Mama Odette, mshonaji, hapa Likasi. Nasimama mbele yenu na furaha, maana Mungu amenifungua kifungo ambacho hata sikujua kuwa ni kifungo.

Nilishona ovaroli za wafanyakazi wa machimbo ya mawe kule Kakontwe. Aliyeniagiza ni patroni, yaani mwenye kampuni ndogo, ndugu yetu katika imani. Kitambaa nilikichukua kwa mkopo sokoni, nikaiweka rehani cherehani yangu. Kazi ikaisha, ovaroli zikavaliwa, malipo hayakuja.

Kosa langu ni hili: facture, ile hati ya kudai malipo, sikuipeleka ofisini. Niliona haya! Nilimpa baada ya ibada, mlangoni pa kanisa, nimeificha ndani ya bahasha kama sadaka. Mara tatu! Kila mara alijibu, "Mungu akubariki, Mama." Miezi ikapita. Mwenye kitambaa akaja na mkokoteni, akaichukua cherehani, akasema mwisho wa mwezi anaiuza. Ndugu zangu, nililia! Nilifunga, nikaomba, lakini kumdai patroni kwa barua nilikataa. Nilisema mtoto wa Mungu hamtishi ndugu yake kwa mahakama.

Ndipo shemasi wetu, Papa Donat, aliyekuwa karani zamani, akaniambia niandike mise en demeure, yaani barua ya mwisho ya kudai kabla ya kushitaki. Nikaandika ukurasa mzima. Akausoma, akacheka mpaka akavua miwani.

"Mama, hii barua iko inalomba pardon! Ni weye njo ulikopa?"

Kweli, nilikuwa nimeomba radhi mara nne, nikawaombea na watoto wake, na kiasi cha deni sikukitaja popote! Tukaandika upya: kazi, kiasi, siku nane za kulipa, kisha mahakama. Nakala mbili, yake na yangu.

"Peleka ku biro," akasema Papa Donat. "Ile yako, sekretere apige cachet. Kama haina cachet, patron atasema hakuione."

Nikafika mlangoni pa ofisi. Nilitaka kurudi nyumbani! Nikasema moyoni, Bwana, nizuie nisiombe msamaha tena. Sekretari akapiga muhuri, nikatoka mzima.

Siku ya sita patroni akaja nyumbani mwenyewe, macho chini.

"Mama, pardon. Na miye banakawia kunilipa. Benye kulalamika njo minalipaka ba kwanza. Weye ulikuwa unanyamaza tu."

Nilimhurumia, kweli kabisa. Lakini pesa nilizihesabu mbele yake, na zilitimia! Jioni ile ile nikaikomboa cherehani.

Asante Yesu! Na wewe ndugu yangu, unayeficha haki yako kwa kuogopa kuitwa mbaya, mwamini Mungu. Nilimwomba aufungue mkono wa patroni, yeye akaanza na mdomo wangu.