Moyo wa Baba Mkwe Kwenye Simu Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mmeitikia kwa nguvu, asanteni, lakini sijui kama mtataka kuniitikia tena nikimaliza. Mimi ni Mama Moraa wa Gesima, yule wa duka la mapazia pale Nyamira mjini. Si zamani sana nilisimama hapa hapa nikashuhudia, mkanipigia makofi. Leo nimerudi kwa sababu ya makofi hayo.

Mnakumbuka akina mama wa kanisa hili tulivyoanza shindano la mazoezi. Muuguzi alikuja akatupima presha, wengi wetu tukaonekana tuko pabaya, tukakubaliana kila mmoja atafute saa ya kupima mapigo ya moyo. Unaivaa mkononi, inahesabu moyo unavyopiga ukitembea, inakadiria kalori ulizochoma, halafu simu inakuonyesha. Jioni kila mama anatuma picha ya kalori zake kwenye grupu letu. Grupu lenyewe nililianzisha mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaandikia wenzangu kila asubuhi, "Mwili ni hekalu, amkeni!"

Na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho! Kazi yangu ni kukaa kwenye kiti nikishona mapazia, chai na mandazi pembeni. Nikijaribu kupanda kilima cha kwetu, magoti yananikataa kabla sijafika kwa jirani. Siku moja nilituma kalori zangu, Kwamboka, ambaye namzidi umri, akaniwekea kile kikatuni cha kucheka. Kimoja tu, ndugu zangu, na nilinuna siku nzima mpaka wateja wakaniuliza nimefiwa na nani.

Sasa sikieni nilichofanya. Tunaishi boma moja na baba mkwe wangu. Mzee ni mkulima wa chai kweli kweli. Asubuhi yuko shambani anachuma, mchana anapumzika kidogo kibarazani, kisha anabeba kikapu mgongoni kupanda na kuteremka mpaka kituo cha kununulia chai. Nilimtazama Mzee akipanda, nikaitazama saa yangu. Nikaiweka kwenye sahani safi, nikamwambia binti yangu Moraa ampelekee babu yake, aseme ni zawadi kutoka kwangu.

Sikumpa mwenyewe kwa sababu ya chinsoni, ile heshima yetu Abagusii kati ya mke wa mwana na baba mkwe. Wengi siku hizi wameilegeza, lakini Mzee wetu ni wa zamani. Hatushikani mikono, wala hatuzungumzi habari za mwili. Kitu changu kikienda kwake, kinapitia kwa Moraa.

Mzee alifurahi mpaka nikaona haya kidogo, ila ikapita. Alikuwa akikunja mkono wa shati ili kila mtu kituoni aione. "Wengine wananunuliwa vitu na watoto wao," aliwaambia. "Mimi nimenunuliwa na mtoto wa watu!" Hakujua saa ile inapima nini, kwake ilikuwa ya kuonyesha saa tu. Waliouliza niliwaambia nimenunua mbili. Kila jioni ilirudi kwangu juu ya ile sahani ili niiweke chaji, na simu yangu ikavuta hesabu ya siku nzima. Kalori za mtu aliyebeba chai mlimani! Nikazituma kwa jina langu. Kwamboka akanyamaza. Ndipo nikaitwa hapa mbele, nikawaambia jinsi Bwana alivyonipa nguvu ya kupanda vilima alfajiri. Nilidanganya mbele ya madhabahu, ndugu zangu. Na Mzee alikuwa benchi la pili, saa mkononi, akipiga makofi kuliko ninyi nyote.

Lakini hapo bado sijafika kwenye dhambi yenyewe.

Baadaye simu ilianza kuniletea alama nyekundu. Moyo unakwenda mbio mtu akiwa amepumzika, ilisema, mapigo hayana mpangilio, muone daktari. Nikaifuta. Ikarudi kesho yake, nikaifuta tena. Jumamosi moja nilimwona Mzee kwa macho yangu akitua kikapu njiani, akishika kiuno, akitua tena. Nikageuza uso. Na niseme yote leo nisibakize: saa hiyo hukadiria kalori kwa kufuata mapigo ya moyo. Kadiri moyo wa Mzee ulivyougua, ndivyo kalori zangu zilivyopanda. Niliziangalia nikitabasamu. Mungu wangu, nilitabasamu!

Nilijitetea kwa chinsoni. Mke wa mwana atamwulizaje baba mkwe habari za kifua chake? Uongo mtupu. Ningemwambia mume wangu, naye angemwambia baba yake. Ila mume wangu angeuliza nimejuaje, na kalori zote zingejulikana ni za nani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya mtu mwingine, ili kifo kimchukue yeye na mimi nibaki bingwa.

Mzee akaanguka kituoni, kwenye foleni ya kupima chai, kikapu bado mgongoni. Tulimkimbiza hospitali huko Kisii. Muuguzi alitaka kumvua saa ili amtafute mshipa. Mzee, na pumzi zake zile za kuhesabu, akauvuta mkono. "Hiyo wacha," akasema. "Hiyo nilipewa na mke wa mwanangu."

Ndugu zangu, nilitamani ardhi inimeze.

Kisha akaja daktari, mama mmoja mtulivu. Akamuuliza mume wangu, "Hii moyo kuenda mbio ilianza lini?"

"Ni leo, daktari. Mzee ako sawa kabisa. Hata asubuhi amechuma chai."

Daktari akatueleza polepole. Kama imeanza leo, wanaweza kuushtua moyo kwa umeme sasa hivi urudi kwenye mpangilio wake. Lakini kama umekwenda hivyo siku nyingi, damu huenda imeganda humo ndani, na wakiushtua, bonge linaweza kuruka mpaka kwenye ubongo. "Kwa hivyo nataka ukweli. Mna uhakika ni leo?"

"Uhakika," akasema mume wangu.

Bwana alinishika hapo. Sikusikia sauti, sikuona nuru. Niliona tu ule mkono mwembamba wa Mzee na saa yangu juu yake, nikajua nikinyamaza dakika ile nimemuua. Nikapiga kelele, "Si leo! Ni wiki nyingi!" Nikamkabidhi daktari simu yangu. Alipokuwa akipitia zile alama nyekundu, ujumbe wa grupu ukateremka juu ya kioo: Mama Moraa, kalori za leo ziko wapi? Tunakungoja, bingwa wetu! Mume wangu aliusoma. Akanitazama, akautazama mkono wa baba yake, akanitazama tena. Afadhali angenifokea.

Umeme hawakutumia. Walimpa dawa ya kupunguza mbio za moyo na ya kuzuia damu kuganda, na Mzee akapona akarudi nyumbani. Haleluya! Lakini sikuwa na uso wa kumpokea. Mume wangu alimweleza yote. Nilijifungia jikoni. Jioni ikafika, sahani haikuja. Kesho yake haikuja. Nilipika nikiangalia mlango, nikijua saa ile iko chooni au motoni, na ningemlaumuje?

Halafu jioni moja Moraa akaingia na sahani, saa juu yake. "Babu amesema uweke chaji."

"Amesema nini kingine?"

"Amesema uendelee tu kuangalia moyo wake. Lakini ukiona kitu, useme."

Niliketi sakafuni nikalia mpaka ugali ukaungua. Ningetukanwa ningevumilia, nilijiandaa kwa matusi. Kuaminiwa sikuwa nimejiandaa. Na mpaka leo, kila nikiipokea ile sahani, naona haya upya.

Ndugu zangu, Bwana ameniokoa nisiwe muuaji wa mtu anayenipenda. Kama wewe pia umeona alama nyekundu katika nyumba yako, ukaifuta kwa sababu kuisema kutakuvua nguo, mtumaini Yeye, useme leo. Aibu ya kusema nimeionja. Inauma, sitakudanganya, lakini haijamuua mtu. Ile ya kunyamaza ilibaki kidogo tu.

Kwamboka, nisamehe. Bingwa ulikuwa wewe. Na yale makofi mliyonipigia siku ile, naomba niyarudishe. Mwenyewe yuko benchi la pili. Mimi simtazami, mnajua kwa nini. Lakini ninyi mnaweza kumtazama.

Mpigieni yeye.