Yona Shemaghembe na Maji ya Mto Kwembago

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani wa Nguvumali na nyote mliokuja kutushika mkono, mimi ni Alexander, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu.

Marehemu Yona Shemaghembe alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika kijiji cha Kwembago, milimani Lushoto, akasoma shule ya msingi hapohapo hadi mwaka 1976, na mwaka 1980 akaajiriwa na nyumba moja ya wageni, kazi yake ikiwa kuwapeleka wageni mtoni kuvua trauti, samaki wa maji baridi yaendayo kasi. Samaki huyo huvuliwa kwa mshipi wenye nzi wa bandia, na nzi hao Yona aliwafunga mwenyewe kwa manyoya ya jogoo, akasimama katikati ya mkondo na kurusha mshipi mpaka nzi anatua juu ya maji kama aliye hai, na kazi hiyo aliipenda kuliko chakula.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa ya Kikristo na shemeji yangu Devota, wakajaliwa watoto wawili, Precious na Daniel, na Daniel alipokua akarithi mkono wa baba yake, wakawa wanafanya kazi pamoja.

Tarehe 22 Agosti 2017 Daniel alikuwa mtoni, maji kiunoni, akimfundisha mgeni, Yona yuko ukingoni, ndipo shamba moja la mboga huko juu likafungulia bwawa lake bila kumwonya mtu. Yona aliona maji yanageuka tope, akapiga kelele, "Daniel, toka! Toka mwanangu!" Daniel akamsukuma kwanza mgeni juu ya mwamba, maji yakamchukua yeye.

Kwenye mkutano wa kijiji msimamizi wa shamba alisema ni mvua ya milimani, ilhali wiki ile hatukuona hata wingu, mgeni aliyeokolewa akarudi kwao bila kutoa ushahidi, na mwajiri, akiogopa kukosa wageni, akamwita kaka akamwambia, "Sema ni mvua, mzee, yaishe." Yona akamjibu, "Nilikuwepo." Akafukuzwa kazi, na kesi aliyolifungulia shamba lile inaahirishwa mpaka leo.

Mwaka 2018 yeye na Devota walihamia hapa Nguvumali kwa Precious. Jirani yetu Badru alimwalika mara nyingi wakavue baharini, Raskazone, naye akajibu kila mara, "Mimi na maji basi, Badru." Mwaka jana akaugua saratani ya koo, sauti ikamwisha kabla hajaitwa kutoa ushahidi, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, akafariki, Devota amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Badru na mkewe Zuleha waliotupikia tangu msiba uingie, na Tadeo, mfanyakazi mwenzake pekee aliyethubutu kushuka kutoka milimani. Lile shamba nalo limeleta shada la maua asubuhi hii, na Devota ameagiza lirudishwe kwa gari lililolileta.

Kesho tunampandisha Kwembago alazwe kando ya Daniel. Kaka Yona, pumzika, kesi tuachie sisi.