Skolastika Likwata na Mkeka Wake wa Ukindu

Sogeeni karibu, ndugu zetu, walioko jikoni waache sufuria kidogo, mliosimama nje ya uzio ingieni, tunaomba ukimya, maana huyu aliyelala mbele yetu hakuzoea kupigiwa kelele, yeye ndiye aliyetukemea sisi.

Marehemu mama yetu Skolastika Likwata alizaliwa tarehe 10 Februari 1931 huko Newala, mtoto wa tatu wa mzee Erasmo Likwata, na akiwa bado mgongoni wazazi wake waliteremka kufuata maji, wakahamia hapa Rutamba, ambako mikindu huota yenyewe kandokando ya ziwa bila kupandwa na mtu.

Alisoma shule ya misheni mwaka 1941 na 1942, akaacha pale macho ya bibi yake yalipofifia, ikawa lazima apatikane wa kumkatia ukindu, na huko ndiko alikosoma hasa, akajua kukata jani changa bila kuua kilele, kuchemsha, kuanika, kuchana, kusuka ukili mrefu kama mkanda, kisha kuunga ukili kwa ukili mpaka mkeka ukae, nyekundu yake akiitoa kwenye mizizi na nyeusi kwenye tope la ziwa.

Mikeka yake ilitandikwa kanisani, ikalaliwa na maharusi, ikawasindikiza wazee wetu kaburini, na akiona mshono umekwenda kombo hata nusu ya ukucha alisema neno moja tu, "Fumua," na wanawake aliowafundisha wanainamisha vichwa hapo walipo, kwa sababu hakuna ambaye neno hilo halikumliza.

Tarehe 6 Agosti 1952 alifunga ndoa na marehemu mzee Sixbert, aliyekuwa akilalamika kwa majirani, "Jamani, nimeoa mke au nimeoa kinamasi?" wakajaliwa watoto watano, wanne wakatangulia, akabaki Devota, ambaye akiwa msichana alifumua mshono mmoja tangu asubuhi mpaka vidole vikatoka damu, akaitupa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, akasema, "Mama, mimi hii sishiki tena," na kweli hakuishika.

Ilipokuja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa huru, maduka yakajaa, Devota akafungua kibanda cha mikeka ya plastiki Nangurukuru, na Krismasi ya 1989 akamletea mama yake mmoja wa kijani, akamwambia kwa furaha, "Mama, huu hauozi," mama akaunusa, akaurudisha chini, akasema, "Ndiyo maana nauogopa, mwanangu," Devota akaondoka siku ileile, na kwa miaka zaidi ya mitatu hakukanyaga hapa, wakati huo wanunuzi wa ukindu nao wakipungua, mmoja mmoja, mpaka hakuna aliyebisha hodi.

Machi 1993 kifua kilimbana mama, miguu ikavimba, akalazwa Lindi, akarudishwa nyumbani Mei, akaanza kusuka kitandani ukili wa mkeka wake wa safari, yaani wa kuzikiwa, na desturi ya nyumba yao ni kwamba ukili huo mtu hujisukia mwenyewe, ila kuushona ni kazi ya mtoto wake, hivyo jirani yetu Ziada alipomwonea huruma akataka kumshonea, alijibiwa, "Acha, shoga, mwenye mkono wake yuko Nangurukuru."

Ziada akatuma salamu kwa watu wa basi, Devota akafika, akakaa chini bila kuvua hata kilemba cha safari, akaomba shazia, akashona huku machozi yanamzuia kuona, na alipomaliza, mama, ambaye sauti yake ilikuwa inakwisha, aliupapasa mshono wote kwa kidole, akafika pale ulipokwenda kombo, kidole kikasimama hapo, sote tukalisubiri neno lake, akasema, "Usifumue," na jioni ya tarehe 14 Juni 1993 akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Lindi, majirani, Ziada, na wasusi wenzake wa ukindu, ambao mmebaki wachache.

Shazia imerithiwa na Devota, chungu cha rangi na Ziada, mikorosho na mjukuu wa mama yetu, Fortunata, mkeka wa kijani, tulioukuta juu ya dari umefungwa kwa kamba yake ya dukani, ndio huo mlioukalia wageni wa mbali, mikindu ya ziwani haina mrithi, na mkeka wake wa ukindu anaondoka nao mwenyewe, basi mtakapouona mshono ule msinyoosheane vidole.

Lala, mama, hatufumui.