Jibu la Swala

Wachuka: Haloo? Ni nani?

Gatimu: Ni mimi Gatimu, wa katuni. Niko studio hapa Nyeri. Habari ya huko kwenu Chaka?

Wachuka: Nzuri tu. Ongea haraka, nimefungiwa bedroom na nyumba imejaa wageni.

Gatimu: Ni ile sentensi yako moja. Nyati anamuuliza Swala, "Utakuja nasi?" Wewe, sauti ya Swala, unajibu, "Ndio, nitakuja." Sasa tukirekodi ulichelewa. Swala anafungua mdomo, anafunga, ndio sauti yako inaingia!

Wachuka: Si umchore upya?

Gatimu: Filamu inaenda leo! Jibu hapo kwa simu, nitarekodi. "Utakuja nasi?"

(kimya)

Wachuka: Ndio... nitakuja.

Gatimu: Ai, umechelewa tena! Kwa katuni mtu akiuliza, mwenzake anajibu hapo hapo. Haya. "Utakuja nasi?"

(simu inakwaruza)

Wachuka: Gatimu, siwezi.

Gatimu: Kwani hao wageni ni wa nini?

Wachuka: Ruracio. Wazee wa kina Dedan wametoka Timau kuleta mahari. Sa hii nitaitwa, nipewe pombe ya muratina, Baba aniulize mbele ya watu, "Wachuka, tunywe hii?" Nikisema ndio, wanakunywa. Imeisha. Mimi ni wa Dedan.

Gatimu: Dedan ule — ule alikuvunjia simu?

Wachuka: Ule ule. Hii naongea nayo ni ya Mama.

Gatimu: Na unamtaka?

Wachuka: Hapana!

Gatimu: Hiyo hukuchelewa.

Wachuka: Naogopa, Gatimu. Mbuzi zimeshachinjwa. Baba amevaa suti, ati tangu asubuhi anacheka tu —

Gatimu: Sikia. Kama hapana ni ngumu, nyamaza. Bila jibu yako hakuna mzee ataonja hiyo kitu.

Wachuka: Atauliza tena.

Gatimu: Wacha aulize! Wewe si Swala. Hakuna mtu amekuchorea mdomo.

Wachuka: Ninyamaze tu? Watu wote wakiniangalia?

Gatimu: Tu. Hata mpaka giza iingie.

Wachuka: (anavuta pumzi) Sawa. Nitajari— Ndio, Auntie Murugi! Nakuja!

Gatimu: Wachuka! Mbona hiyo umejibu haraka hivyo?

Wachuka: Nimezoea. Wamefungua mlango. Kata, Gatimu, kata —