Akijamba, Uniite

“Hajajamba tangu lini?” Muuguzi Ézéchias aliuliza asubuhi wodini. Ngalula, tumbo limevimba, alitapika na kugeukia ukuta. Mumewe, Kisimba, alitoka nje kwa kishindo, akaja kukaa kwenye benchi la Mama Lucienne muuza kahawa, mbele ya lango la hospitali. Ilikuwa mwaka 1953, ndege za Base, kambi ya jeshi iliyo jirani, zikipita juu ya vikombe kutwa nzima. Kisimba aliliona swali lile ni tusi: mwanaume mwingine kumuuliza mke wake mambo ya huko! Daktari alingoja neno la mume tu ili ampasue Ngalula. Kisimba akaagiza kahawa.

— Utumbo ilimufunga bibi yangu, akasema. Banataka kumupasua tena.

— Mwanamuke? akashangaa Tshilumba, mpakiaji wa zamani wa stesheni, ambaye benchini aliitwa Kilo-Mia. Ile magonjwa iko yetu, banaume! Zamani ilikuwa ngiri tu. Unabeba gunia, utumbo unaingia mu ngiri, unabanwa, unakufa. Tulizika bapagazi wangapi? Sasa bibi nao banaitaka!

— Sasa treni njo inabeba, akasema Kitwa, aliyeitwa Freni, yaani breki, kwa kazi yake ya reli. Magonjwa ilikosa kazi, ikahamia mu nyumba.

Mwanamke ndani anajikunja kwa maumivu, wanaume nje wanagombea ugonjwa wake.

— Hapana, Freni akajisahihisha. Iko ndege. Kelele yake inasokota matumbo. Kuku wangu tatu zilikufa.

— Minyi ninakaa chini ya ile ndege kila siku, akasema Lucienne. Juu ya nini tumbo yangu haijasokotwa?

— Weye unakunywa kahawa.

Kisimba akagonga kikombe chini.

— Muache ndege. Iko Ézéchias! Miaka mbili imepita, walimupasua kidole-tumbo. Nani alikuwa anamubadilisha bandeji? Yeye. Mule ndani alifunga kamba, kusudi bibi yangu arudie kwake!

Kumbe Ézéchias alikuwa amesimama langoni, akisikia.

— Umesema kweli nusu, baba, akamwambia Kisimba. Zamani tulipokea ngiri. Siku hizi tunazipasua mapema, bantu banapona. Sasa banaokuja ni bale tulishapasua. Kovu ya ndani inashika utumbo, inaukunja. Hakuna kamba. Ni kazi yetu njo inaturudia. Lakini munijibu: hajajamba tangu lini?

Freni akatazama ndege. Kilo-Mia akatazama ndani ya kikombe. Kisimba alijua kwamba Jumapili fundi cherehani alimsalimu Ngalula mara mbili. Alijua nani alimtua ndoo. Hili, ambalo angelisikia kwenye mkeka wao mmoja, hakulijua.

— Tangu Jumatatu, akasema Lucienne. Leo Alhamisi. Aliniambia kule bomba ya maji.

— Juu ya nini hakuniambia minyi?

— Aliogopa. Ungemuuliza alikula kwa nani.

Ndege nyingine ikapita. Kisimba akasimama, kofia mkononi.

— Mumupasue.

— Tukimaliza tutangoja, akasema Ézéchias. Akijamba, tutajua utumbo umefunguka.

— Basi minyi niko hapa, siondoki. Nakuomba, Ézéchias: akijamba, uniite. Uniite wa kwanza.